Namba 22 kwenye kamera ya baba

"Shikamoo fundi. Mimi niko Mikindani. Nina kamera mbili na zote zinanisumbua. Ya kwanza ni Yashica ndogo ya mkanda aliyoacha marehemu baba. Imekaa kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi tangu mwaka 2004. Kwenye betri kumejaa unga mweupe na wa kijani, lenzi ina kitu kama utando wa buibui, na kile kidirisha cha namba kimesimama kwenye 22. Ya pili ni ya dijitali, niliinunua mtumba. Nilikwenda nayo ufukweni Msimbati, na tangu siku hiyo nikiiwasha lenzi inatoka nusu, inakwaruza, inaandika kwamba lenzi ina hitilafu, halafu inazima. Nimeifukia kwenye mchele siku tatu, wapi! Rafiki yangu anasema niachane nazo zote ninunue mpya yenye megapikseli nyingi. Bibi yangu yuko Newala, ni mmoja wa wazee waliobaki wenye nembo za Kimakonde usoni, zile chale za jadi, na ninataka kumpiga picha nzuri za kuchapisha na kutundika ukutani. Nitengeneze ipi, au ninunue nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, na yote nitayafikia, lakini mimi nimekwama kwenye hiyo 22. Kama hujaufungua mlango wa nyuma wa kamera ya baba, usiufungue. Iweke chini kwanza, usome.

Kwenye kamera nyingi za aina hiyo, kidirisha cha kuhesabia picha kimeunganishwa na mlango wa nyuma. Ukifungua mlango tu, namba inajirudisha mwanzo, kabla ya 1. Kwa hiyo namba iliyosimama kwenye 22, kama kihesabio chenyewe ni kizima, inasema kwamba tangu baba alipofika picha ya ishirini na mbili hakuna aliyeufungua mlango huo. Mkanda huenda bado umo. Na ndani ya mkanda huenda kuna harusi ya mtu wa Mikindani, huenda kuna wewe mwenyewe ukiwa na sare za shule. Mwanga ukiingia sekunde moja, kwaheri.

Tafuta kimkono kidogo cha kukunjua, juu au chini ya kamera, chenye alama ya mshale. Pia kuna kitufe kidogo cha kuachia mkanda, aghalabu kimezama kwenye kitako cha kamera. Kibonyeze hicho kwanza, kisha zungusha kimkono taratibu kufuata mshale. Ukisikia uzito, kama mtu anayevuta mshipi wenye samaki mdogo, mkanda umo. Endelea polepole, maana mkanda uliokauka miaka 20 na zaidi hukatika ukivutwa kwa pupa. Uzito ukiachia ghafla, ongeza mizunguko miwili mitatu, umekwisha kurudi kwenye kopo lake. Ukikaza katikati, acha. Usilazimishe na wala usichungulie. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mfuko mweusi wa kuingiza mikono. Na kama kimkono kinazunguka bila uzito wowote tangu mwanzo, ama hamna mkanda ama umekatika, basi hata hapo fungua usiku, chumbani, taa zimezimwa na simu iko chumba kingine, upapase kwa vidole.

Zipo kamera ndogo zisizo na kimkono, zinarudisha mkanda kwa mota. Kama ya baba ni hiyo, itabidi usafishe mahali pa betri kwanza. Kifuniko cha betri ni mlango wake peke yake, hakiuhusu mlango wa nyuma. Angalia vizuri unafungua kipi.

Nikuambie ukweli kuhusu kitakachopatikana. Picha iliyopigwa lakini haijasafishwa ni alama dhaifu sana kwenye dawa ya mkanda, na joto linaila siku kwa siku. Kabati la Mikindani si friji. Tarajia rangi zilizopauka, chengachenga nyingi, pengine zambarau mahali palipotakiwa kuwa na kijani. Pengine zisitoke kabisa. Nimeshaona mikanda ya namna hiyo ikitoa sura za watu zinazotambulika, na nimeshaona ikitoa ukungu mtupu. Ila hakuna gharama ya kujaribu inayozidi thamani ya kujaribu.

Kuhusu mahali pa kusafishia: zamani studio za Lindi na Mtwara zilipokea mikanda kila siku. Mimi mwenyewe kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 nilikuwa natuma mikanda Dar es Salaam kwa basi, inavuka Rufiji kwa kivuko, na msimu wa mvua bwana harusi alikuwa anaweza kupata picha zake mke akiwa na mimba kubwa. Siku hizi studio nyingi zinapiga pasipoti na kuchapa za kwenye simu, basi. Mkanda wa rangi unahitaji dawa ziitwazo C-41, kwenye joto la nyuzi 37.8, dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza. Nyuzi zikicheza kidogo tu rangi zinapotea njia. Kwa hiyo kabla ya kutuma, piga simu uulize mambo matatu: mnasafisha wenyewe au mnapeleka kwingine? Mnarudisha negativu, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa? Mnaweza kuziskani kwa ukubwa wa kuchapisha? Asiyerudisha negativu usimpe. Waambie pia kwamba mkanda ni wa zamani. Tuma kwa mtu anayepanda basi, maana mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege zinaweza kuuongezea ukungu.

Mkanda ukishatoka salama ndipo tuitazame kamera.

Unga kwenye betri ni uvujaji wa betri za alkalini, za umbo kama hizi tunazoweka kwenye saa ya ukutani. Dawa yake ya ndani ni magadi makali, na ndiyo maana kinachoiyeyusha ni kitu kichachu: tone la siki au ndimu kwenye kijiti cha pamba. Kijiti kiwe na unyevu tu, kisidondoke. Fikicha, kausha, pitisha spiriti ya dawa, kisha sugua vibati kwa ufutio wa penseli mpaka ving'ae. Usijipanguse macho, nawa mikono. Ile rangi ya kijani ni shaba iliyoliwa. Ikiwa imepanda kwenye nyaya, vibati vitang'aa na kamera haitawaka, kwa sababu waya umeoza ndani ya ngozi yake. Hapo mpelekee fundi redio mzuri, si lazima fundi kamera. Ni waya mbili za kuchomelea.

Ila mwambie, na wewe ujiambie: asiguse upande wa fleshi. Ndani ya kila kamera yenye fleshi, hata ndogo kama kiganja, kuna kapasita inayobeba umeme wa volti 300 hivi, na inaweza kubaki nao muda mrefu baada ya betri kutolewa. Nilirushwa na moja nikiwa kijana, bisibisi ikaacha tundu kwenye meza. Ya baba imelala miaka mingi, kwa hiyo huenda haina kitu. Mara tu utakapotia betri, ihesabu kwamba inacho.

Utando wa buibui ni kuvu. Watu wa pwani tunaisingizia bahari, lakini kuvu haihitaji bahari. Inataka giza, unyevu wa hewa unaozidi asilimia 70 hivi kwa muda mrefu, na chakula kidogo: vumbi, mafuta ya vidole, grisi ya lenzi. Mkoba wa ngozi unaipa kuvu vyote. Najua baba aliuthamini, na ni mzuri, lakini ngozi hunywa unyevu na kuushika. Mkoba uwe wa kusafiria, kamera isilale humo.

Utaambiwa uianike juani. Jua kali linaweza kuiua kuvu, sikatai, lakini maiti yake inabaki kwenye kioo, na asidi iliyotoa imeshakwangua rangi nyembamba iliyopakwa juu ya lenzi. Wakati huohuo jua la Mtwara linayeyusha grisi, grisi inatambaa kwenye vibati vya shata, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga ukipiga picha, shata inanata. Umeua mgonjwa mmoja umezaa mwingine. Washa tochi ya simu uimulike lenzi kwa pembeni. Kuvu ikiwa juu ya kioo cha mbele, kitambaa laini na tone la dawa ya kusafishia lenzi vinatosha. Ikiwa ndani, na ni nyuzi chache, iache ulivyoikuta. Nyuzi hazitaonekana kwenye picha kama nyuzi. Kinachotokea ni picha kupoa, weusi kuwa kijivu, na ukipiga kuelekea mwanga picha inaingiwa na weupe. Ikiwa imefunika kioo kama pazia, kuifungua ni kazi ya fundi, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya kamera nyingine kama hiyo. Ya baba lakini si "kamera nyingine", hilo utaamua wewe.

Ukishaisafisha, usikimbilie kununua mkanda. Fungua mlango, sasa ruhusa, tazama sponji nyeusi kwenye kingo zake. Ikiwa inanata kama lami, ibandue yote kwa kijiti na spiriti, uweke uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji, la sivyo mwanga utapenya na kila picha itakuwa na mwale mwekundu. Kisha zungusha kwa kidole lile gurudumu lenye meno linaloshika mkanda, bonyeza kitufe cha kupigia picha, na uchungulie kwa nyuma ukielekea dirishani. Ukiona mwanga unachomoza kwenye lenzi mara moja, shata inafanya kazi. Nyingi ya kamera hizi hazibonyezeki bila gurudumu hilo kuzunguka, na nimeletewa kadhaa "zimekufa" kumbe zinasubiri mkanda.

Sasa hii ya Msimbati. Mchele unasifiwa kwa kunyonya maji, na hata hilo hulifanya kwa unyonge, ila wewe tatizo lako si maji, ni mchanga. Mchele umekuongezea unga.

Lenzi inayotoka ni mirija miwili mitatu iliyoingiana, inasukumwa na kimota kidogo chenye gia za plastiki. Kompyuta ya kamera inasubiri taarifa kwamba mirija imefika. Chembe moja ya mchanga ikikwama pembeni, taarifa haifiki, na kompyuta inakata ili gia zisivunjike. Kwa hiyo ule ujumbe haukuambii kamera imekufa, inajiokoa. Anayeiua ni yule anayewasha na kuzima mara hamsini akitumaini. Kila mkwaruzo unakula meno ya gia.

Toa betri na kadi. Picha zako zimo kwenye kadi, zihamishe leo. Shika kamera lenzi ikitazama chini, upulizie pembezoni mwa mirija kwa kile kipira cha kunyonyea makamasi ya watoto, kinauzwa maduka ya dawa. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki humo. Na usiipeleke kwa kijana wa kujaza upepo matairi! Kompresa inausukuma mchanga ndani zaidi, pamoja na mafuta na maji yake. Chukua ukanda wa karatasi ngumu nyembamba, uuzungushe kwenye nafasi kati ya mrija na mrija, ukipapasa, kamera ikiwa bado imeangalia chini. Pulizia tena. Chaji betri ijae kabisa, maana betri iliyochoka huleta ujumbe huohuo. Washa. Ikikataa rudia, lakini isizidi mara tatu. Usiivute lenzi kwa vidole.

Ikigoma mara tatu inahitaji kufunguliwa. Fundi simu mwenye mkono mtulivu anaweza, lakini muulize kabla: umeshafungua kamera, si simu? Kapasita ya fleshi utaifanyaje? Akicheka, chukua kamera yako uondoke. Na weka kikomo: ufundi ukifika nusu ya bei ya kamera kama hiyo ya mtumba, simama. Gia za kamera ndogo hazina spea madukani, fundi huzitoa kwenye maiti ya kamera nyingine, na kilichokwaruzwa na mchanga hakirudi kuwa kimya kama zamani.

Rafiki yako wa megapikseli ana nia njema. Karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri kabisa inataka pikseli, yaani nukta za picha, 2480 kwa 3508, ambazo hazifiki megapikseli (nukta milioni) 9. Kamera ya miaka 15 iliyopita inazo. Kinachotofautisha kamera ni ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga. Kwenye kamera ndogo nyingi kina upana wa milimita 6 hivi, kwenye zile ghali kidogo milimita 13, na mkanda wa baba una fremu ya milimita 36 kwa 24. Kumwaga megapikseli 20 kwenye milimita 6 ni kama kugawa chungu kilekile cha wali kwenye sahani nyingi zaidi. Ukinunua mtumba, itoe lenzi mpaka mwisho kwa kitufe cha kuvuta picha karibu na kuirudisha ukisikiliza, piga ukuta mweupe utafute madoa, hakikisha ina chaja yake, na uliza inatumia kadi gani. Za zamani sana zinasoma kadi za SD za GB 2 tu kushuka chini, na zile zinazotaka kadi za xD nakushauri uzipite, kadi zenyewe utazitafuta kama dawa.

Lakini bado hatujamfikia bibi, na bibi ndiye anayeamua kamera.

Nembo zimechanjwa na kutiwa weusi wa mkaa. Juu ya ngozi ya mzee zinaonekana kwa vitu viwili: ule weusi, na kivuli kidogo mno kinachoangukia kila mchanjo. Fleshi inayotoka mbele inajaza vivuli vyote hivyo mara moja, na kipaji kinang'aa. Utarudi nyumbani na picha ya bibi mwenye uso laini ambao si wake. Zima fleshi. Mketishe barazani au karibu na mlango ulio wazi, jua lisimpige, mwanga umjie kwa ubavu, kisha mwombe ageuze uso kidogo kidogo mpaka uone nembo zinasimama. Utaziona kwa macho kabla hujashika kamera. Nyuma yake pasiwe na mbingu wala ukuta mweupe. Kamera haijui bibi ni nani. Inachanganya mwanga wote inaouona na kutafuta kijivu cha wastani, hivyo nyuma pakiwa peupe sana, uso unazama gizani. Bonyeza kitufe nusu ukiwa umelenga shavu lake, ushikilie, ndipo upange picha.

Na hapa Yashica ya baba inaweza kukuangusha kwa jambo jingine kabisa. Kamera nyingi ndogo za mkanda za bei ya kawaida zina lenzi isiyolenga; kila kitu kuanzia mita moja na nusu kwenda mbele kinatoka safi, karibu zaidi ya hapo kinafifia. Picha ya bibi ameketi na wenzake, vizuri sana. Picha ya shavu lake, hapana. Kamera ya dijitali yenye alama ya ua inakaribia mpaka sentimita chache. Simu nzuri nayo inakaribia, na kwenye kivuli cha barazani simu ya miaka ya karibuni inaishinda kamera ndogo ya zamani. Inaniuma kusema hivyo, mimi ninayekula kwa bisibisi.

Basi wiki hii nenda Newala na simu, yako au ya kuazima. Mwulize bibi anataka kuonekana vipi, huenda ana kanga anayoitaka na huenda kuna nembo asiyotaka ipigwe. Usingoje kamera. Ya Msimbati ijaribu kama nilivyoeleza, na ikipona uende nayo safari ya pili. Ya baba itie mkanda mmoja baada ya hapo, wa ASA 400 (namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga) kwa sababu barazani mwanga ni mdogo, picha 36, kwa ajili ya wazee wote pamoja.

Zikiwa nyumbani, zilaze kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vichache havitoshi, kusanya. Ukirudi kutoka Newala asubuhi ya baridi, zifungie kwenye mfuko wa plastiki mpaka zipate joto la Mikindani, la sivyo zitatoka jasho ndani, na kuvu itapata inachokitaka.

Kile kimkono kikigoma, usijaribu mara ya pili. Toa betri, izungushie kitambaa cheusi, uniletee Lindi kama ilivyo, mlango ukiwa umefungwa.